Usivuke bahari mapema

Wewe unayeanza kumtafuta babu aliyehama Uingereza kwenda Marekani karne ya 19, nakusihi usikimbilie Uingereza. Mimi nilikimbilia. Nilikuwa namtafuta babu yake babu wa mume wangu, John, mwenye jina la ukoo lililojaa kila mahali. Nikampata John wa Yorkshire, umri ule ule, nikamshika. Miezi minane nilikuwa nakusanya jamaa za watu wengine, kumbe yule John alikufa hajatimiza hata miaka 10. Rejesta ya vifo ilikuwepo, sikuifungua.

Anza kaburini, urudi nyuma. Sensa ya Marekani ya 1900 ni hazina: mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia nchini, na kama mtu ameshapata uraia. Ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto wa Washington mwaka 1921, kwa hiyo ukitoka 1900 unaangukia 1880. Miaka hiyo ishirini izibe kwa wosia, hati za ardhi na orodha za wakazi wa miji. Bandarini nako angalia mwaka kwanza. Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, ilifunguliwa 1892. Aliyefika New York 1868 alipitia Castle Garden, kituo cha kabla yake.

Sasa shida yenyewe. Sensa hizo kwa kawaida zinakwambia amezaliwa Uingereza, basi. Unachohitaji ni kijiji. Hati za uraia za kabla ya 1906 mara nyingi zinataja tu kwamba mtu anamkana Malkia. Kama alichukua shamba la serikali chini ya sheria ya Marekani ya 1862 (Homestead Act), ile ya ekari 160, omba faili lake lote, maana mgeni alipaswa kuonyesha hati za uraia, na mle mna mahakama na tarehe za kufuatilia.

Halafu watafute ndugu zake. Nasisitiza hili kuliko yote. Watu walihama kwa kufuatana, kaka akimwita dada, jirani akimfuata jirani. Kwa John sikupata kijiji popote. Nilikipata katika tanzia ya dada yake, mistari sita katika gazeti la mji mdogo wa Ohio. Hapo ndipo nilipofungua sensa ya Uingereza ya 1851, inayoandika parokia aliyozaliwa kila mtu: baba, mama, dada, na John, miaka 8, katika nyumba moja.