Simu haingoji uitikiwe salamu

SWALI: Nauza vitenge komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mikono ikiwa na kazi, nasema na simu iandike ujumbe. Naanza kama nilivyolelewa: "Jambo, habari ya leo, tafadhali..." Inakata kabla sijamaliza, ama inaandika mambo ya ajabu. Wanangu wananicheka eti naheshimu chuma. Wao wanaitukana. Nani yuko na haki?

JIBU: Mama, tuanze na kukatwa. Simu hupima ukimya. Ukinyamaza kidogo, inaona umemaliza. Sasa salamu zetu zina pengo la kungoja jibu: ukisema "habari?" ukatulia, maikrofoni inajifunga. Panga ujumbe wote kichwani kwanza, ndipo ubonyeze, useme kwa pumzi moja. Ukiwa mrefu, ugawe mara mbili au tatu.

Mambo ya ajabu yana sababu nyingine. Kama ni Android yenye kibodi ya Google, fungua mipangilio ya kibodi, ingia kwenye lugha, ongeza Kiswahili. Utakuta cha Kenya (nchi, si komini yako) na cha Tanzania. Vyote viwili vimezoea "elfu moja mia tano". Ukiingiza "mille cinq cents" ya Kifaransa katikati, kama tunavyohesabu sokoni, simu itatafuta neno la Kiswahili linalofanana na hiyo sauti, na bei ya kitenge itapotea. Tarakimu ziandike kwa kidole. Majina ya watu yasome upya kabla ya kutuma. Jenereta ikinguruma karibu, leta simu umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni.

Kuhusu heshima, wanao wasicheke sana. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitoa ELIZA, programu ya kuongea kwa maandishi. Karani wake alijua vizuri kwamba ni programu tu, na bado alimwomba atoke chumbani aongee nayo faraghani. Miaka ya 1990, Clifford Nass na Byron Reeves wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, waliona watu wakiipa kompyuta alama nzuri zaidi pale yenyewe ilipouliza "nimefanyaje kazi?" kuliko walipoulizwa na kompyuta nyingine. Wakihojiwa, walikana kabisa kwamba waliionea haya!

Matusi hayaiumizi simu. Shida ni mdomo wa mtoto: sauti ya kuamrisha ikishazoeleka, kesho anaitumia kwa dada wa kazi. Amazon iliona jambo hilo. Mwaka 2018 iliifundisha Alexa ya watoto (Alexa ni programu yake inayosikia sauti na kujibu) kumshukuru mtoto anayeomba kwa adabu. Sisi tungewakataza matusi hayo nyumbani, simu iwe inasikia au haisikii.

Wewe endelea na adabu yako, ila funga maikrofoni kwanza ndipo useme aksanti. La sivyo mteja atapokea: "Vitenge vimefika aksanti simu yangu."