Mwanao akitaka kuhama chuo, anzeni na krediti

Aprili 2025, saa nne usiku. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kazini, koti bado mwilini, simu ikaita. "Shikamoo baba. Kesho naingia potali."

Nikaitikia marahaba, kisha nikakaa kwenye ngazi. Nimeishi Ohio miaka 17, jimbo ambalo Jumamosi za vuli kila mtu anazungumzia mpira wa Kimarekani, na mwanangu mwenyewe anacheza safu ya ulinzi katika timu ya chuo. Hata hivyo sikujua anaingia kwenye nini, wala anatoka kwenye nini. Naandika haya kwa ajili ya mzazi mwenzangu ambaye simu kama ile bado haijamfikia.

Potali ni orodha ya kwenye kompyuta iliyoanzishwa Oktoba 2018 na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Mchezaji anaiarifu ofisi ya michezo kwamba anataka kuhama, ofisi inapewa siku mbili za kazi kuliingiza jina lake, na baada ya hapo makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kumpigia. Sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga tunasema dirisha la usajili, na neno hilo linasaidia kuelewa. Lakini klabu zetu zinahamishana mchezaji kwa mkataba: zinazungumza, zinalipana, naye anaondoka akijua anakokwenda. Kwenye potali kijana anajitangaza kwanza, halafu ndipo anasubiri simu. Na jina likishaingia, chuo alichopo kinaruhusiwa kumkatia skolashipu muhula ukiisha, hata kama hajapata pa kwenda. Wapo wanaobaki hapo katikati, hawana huku wala kule.

Zamani kuhama kulikuwa na gharama iliyo wazi. Mchezaji wa daraja la juu akihama alikaa nje msimu mzima ndipo acheze. Aprili 2021 NCAA ikaruhusu kila mmoja ahame mara moja bila kukaa. Mwishoni mwa 2023 majimbo kadhaa, Ohio ikiwemo, yakaipeleka mahakamani, jaji wa West Virginia akasimamisha kanuni iliyowabana waliohama mara ya pili, na Aprili 2024 kizuizi kikaondolewa: hama mara utakazo, ilimradi masomo yako yamekaa sawa. Vijana wengi wamesikia "hama mara utakazo". Hayo maneno ya masomo kukaa sawa ndiyo yaliyotaka kutuangusha sisi.

Kocha aliyemchukua mwanangu alikuwa ameondoka Desemba, na aliyekuja akamwambia kwa upole kwamba hamwoni kwenye mipango yake. Sikumlaumu kijana kwa kutaka kuondoka. Wiki ile akaja nyumbani, mama yake akaondoa sahani, tukatandaza nakala ya matokeo yake mezani. Alikuwa na krediti 60, yaani pointi za kozi alizofaulu, kwa miaka miwili, nusu kamili ya 120 zinazotakiwa kwa shahada. Vyuo viwili vilikuwa vimeshapiga simu, nasi tukavilinganisha kwa uwanja, kwa kocha wa ulinzi, kwa nani anacheza nafasi yake. Dada yake, anayesoma uuguzi, ndiye aliyeuliza: "Krediti ngapi zitapokelewa?"

Hakuna aliyejua. Kesho yake tukaomba tathmini ya maandishi kutoka chuo alichokipenda zaidi. Baada ya siku tano jibu likaja: 45. Kozi tano zilikuwa zimepokelewa kama za ziada tu, haziingii kwenye shahada anayoisomea.

Sasa sikiliza kanuni yenyewe. NCAA inataka mchezaji anayeanza mwaka wa tatu awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake, wa nne asilimia 60, wa tano asilimia 80. Shahada inayohesabiwa ni ya chuo kipya. Asilimia 40 ya 120 ni 48. Mwanangu alikuwa na 45. Kijana yule yule aliyekuwa amefika nusu ya shahada alikuwa haruhusiwi kugusa uwanja msimu ukianza, kwa upungufu wa kozi moja. Nilichukua kalamu nyekundu ya mdogo wake nikaandika 48 juu ya ile karatasi, kubwa, nikaizungushia duara.

Tulipona kwa sababu tulijua mapema. Juni na Julai alisoma takwimu katika chuo kipya, anafanya mazoezi asubuhi, anakaa na kitabu usiku. Tungegundua Agosti, hapangekuwa na kozi ya kuzibia pengo.

Kwa hiyo ombeni tathmini ya krediti kwa maandishi, na itaje shahada yenyewe kwa jina, siyo idadi ya jumla tu. Iombeni kwa mshauri wa masomo. Kocha atakwambia zote zitapokelewa, na pengine anaamini hivyo, lakini uamuzi huo si wake. Vyuo vingi vina jedwali la wazi kwenye tovuti linaloonyesha kozi ya chuo kimoja inahesabiwaje kwenye kingine. Hilo mnaweza kulisoma hata kabla kijana hajaingiza jina lake, na ndiyo kazi ningeifanya mapema kama ningeijua. Kwa tulio hapa Ohio, vyuo vya umma vina utaratibu unaoitwa Ohio Transfer 36, ambao kozi zake za msingi zinapokelewa kwingine kote katika vyuo vya umma vya jimbo. Mtoto aanze na hizo.

Vijana watakutajia mchezaji Joe Burrow. Aliondoka chuo cha Ohio State 2018 akaenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, na msimu wa 2019 akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa wa taifa. Ni kweli yote. Mwambie mwanao na kilichotangulia: Burrow alihama akiwa na shahada mkononi, na ndiyo maana hata kanuni ngumu za wakati ule zilimruhusu acheze papo hapo.

Halafu kuna hesabu ya miaka. Mchezaji ana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano, na miaka hiyo inaanza kukimbia siku anayoanza masomo ya muda wote chuo chochote. Kuhama hakuisimamishi. Tangu 2018 anaweza kucheza hadi mechi nne na msimu ule usihesabiwe. Mwanangu alicheza mechi tatu mwaka 2023, msimu wa 2024 akaucheza wote, kwa hiyo alihama akiwa na misimu mitatu ndani ya miaka mitatu, bila mwaka hata mmoja wa akiba. Kocha mmoja alimwambia, "Mwaka wa kwanza utakaa ujifunze mfumo wetu." Kwa mtoto wa mwaka wa kwanza huo ni ushauri mzuri. Kwa wetu ilikuwa ni kuomba theluthi nzima ya muda uliobaki.

Najua kanuni hii inatikisika. Desemba 2024 Diego Pavia, mchezaji wa chuo cha Vanderbilt, alipata amri ya jaji ili muda alioutumia kwenye chuo cha miaka miwili usimzuie kucheza 2025, na NCAA ikawalegezea waliokuwa na hali kama yake. Nilifurahi kwa ajili yake. Ila usipange miaka ya mtoto wako juu ya hukumu ambayo haijaandikwa. Sisi tulionja: Aprili ile ile jaji Claudia Wilken alikuwa hajaridhia makubaliano ya kesi ya House, ambamo wanamichezo waliishtaki NCAA kuhusu malipo yao, kwa sababu ya ukomo wa wachezaji 105 kwa timu na vijana ambao wangepunguzwa. Wiki hii kocha anasema nafasi ipo, wiki ijayo anasema tusubiri jaji. Aliridhia Juni 6, na kuanzia Julai 1 vyuo vinavyoshiriki vikaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja. Uliza waziwazi: mwanangu yumo ndani ya wale 105, na limeandikwa wapi?

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Kuna mtu alitupigia akitaka asilimia 20 ya chochote kitakachopatikana, akasisitiza tusaini usiku ule ule. Tulikataa. Mkataba wowote wa matangazo wa dola 600 na kuendelea unapaswa kuripotiwa, basi usomwe kwanza na mwanasheria. Na kama mwanao yuko hapa kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, asipokee hata dola moja ya matangazo yanayotumia jina na sura yake kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa kuwa viza hiyo inabana sana kazi za malipo. Akihama chuo, rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, nayo lazima ihamishwe. Mwenzake anayelala chumba kimoja naye, mwenye uraia, anaweza kusaini kesho bila shida. Wao wawili hawako kwenye hali moja hata kama wanavaa jezi moja.

Lile dirisha la Aprili tulilotumia limefutwa. Safari hii lilikuwa moja tu, Januari 2 hadi 16, 2026, wakati matokeo ya mitihani yametoka juzi na masomo ya muhula mpya yako mlangoni. Maana yake mazungumzo ya mezani yafanyike Novemba, karatasi zikiwa wazi, kabla simu za makocha hazijaanza.

Mdogo wake yuko darasa la kumi sasa, naye anacheza. Kwenye friji tumebandika orodha ya kozi 16 za msingi ambazo NCAA inazitaka kutoka sekondari ili mtoto aruhusiwe kucheza daraja la kwanza. Kila muhula ukiisha anachukua ile kalamu nyekundu anaweka alama. Amefikisha saba.