Kuhama nyumba Ujerumani: karatasi kwanza, mizigo baadaye

Ndugu zangu wa Mombasa, swali lenu ni hili: kijana amepata mafunzo ya kazi Ujerumani, viza iko, chumba ameshapata, je, si kuhamia tu?

Si kuhamia tu. Huko nyumbani mtu ahama Kisauni kwenda Likoni kwa pikapu moja, ampa mwenye nyumba kodi na dipoziti, apanga vyombo, kwisha maneno. Ujerumani serikali yataka kujua unalala wapi. Sheria inakupa wiki 2 tangu siku ya kuingia uwe umejiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, Bürgeramt. Kujiandikisha huko huitwa Anmeldung, na ukichelewa faini yaweza kufika euro 1,000. Miji kama Berlin miadi ni ya kugombania, basi omba mapema na uhifadhi ile barua pepe inayoonyesha lini uliomba.

Unabeba pasipoti, fomu, na karatasi aliyotia saini mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga haushiki nafasi yake, hata uwe na mihuri kumi. Karatasi hiyo yataja anwani, tarehe ya kuingia na majina ya wote wanaohamia, na mwenye nyumba analazimika kisheria kuitoa. Wengi hukwama hapa. Mtu anakupangisha chumba ndani ya nyumba aliyopanga yeye, mwenye nyumba hana habari, kisha akwambia: "Kaa, lakini usijiandikishe." Chumba hicho kiache, hata kiwe bei ya bwerere. Bila usajili hutaletewa namba ya kodi ya mapato, ile ya tarakimu 11, na mwajiri asipoipata mwishowe atakukata mshahara kwa kundi la 6 la kodi ya mapato, lenye makato makubwa kuliko yote. Na wale wanaouza anwani mtandaoni muwaepuke kabisa. Kutoa anwani ambayo mtu hakai kuna faini ya hadi euro 50,000.

Sasa majina, jambo linalotuumiza sisi watu wa Pwani kuliko wengine. Tuseme baba ni Omar Salim Bakari, mama ni Fatma Ali Said, na mtoto ni Ali Omar Salim. Kwetu ukoo uko wazi. Kwenye pasipoti jina la mwisho ndilo huwa la ukoo, kwa hivyo Mjerumani aona Bakari, Said na Salim, watu 3 wasiohusiana. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa, na uhakikishe herufi zafanana kila mahali: Mohamed na Mohammed kwao ni watu wawili. Vyeti vyetu vya Kiingereza ofisi nyingine huvipokea, nyingine hutaka tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa.

Kisha bandika majina yote matatu kwenye sanduku la barua, siku hiyo hiyo ya kuingia. Huku hakuna SLP ya kuazima kwa mjomba. Postamani asipoliona jina, barua hurudi ilikotoka, na ndani yake huenda mna namba ya kodi, kadi ya bima ya afya au namba ya siri ya benki.

Kwenye fomu mna sehemu mbili za kuangalia. Ya ndoa: msidanganye kwamba hamjaoa ili kupunguza makaratasi. Siku ya kumwombea mke viza, rekodi itakusuta. Ya dini: Mkatoliki au Mlutheri akijaza hivyo hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kulingana na jimbo. Mwislamu hakatwi.

Baada ya usajili huja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Wengi huidhani ni utapeli na kuitupa, kisha deni lapanda. Inalipwa kwa nyumba, si kwa mtu, kwa hivyo kama mwenzako wa nyumba analipa, waandikie hao wanaodai ada namba yake ya malipo. Umeme nao: piga picha mita siku ya kuingia. Usipochagua kampuni, unaingizwa kwa ile ya msingi ya eneo hilo, na mara nyingi ndiyo ghali.

Ukitaka kuhama tena, notisi ya kawaida ni miezi 3, kwa karatasi yenye saini ya mkono. Barua pepe haitoshi. Ukihama ndani ya nchi unaandikisha anwani mpya tu, na ofisi hubadilisha anwani kwenye kadi yako ya ukaazi. Anayerudi Kenya moja kwa moja ndiye hujiondoa, kuanzia wiki 1 kabla ya kutoka hadi wiki 2 baada yake. Hati atakayopewa aitunze, kwa sababu ndiyo ya kufungia bima na kusimamishia ile ada ya redio.