Kitabu cha sala cha bibi usikikate

Dada, weka mkasi chini kwanza. Umesema una picha tatu za babu zako Wayahudi wa Vilnius, Lithuania, kitambaa cha meza cha bibi na kitabu chake cha sala kilichochakaa, na unataka kuvibandika vyote kwenye ubao mmoja wa kumbukumbu. Picha zitolee kopi kwa printa ya leza, maana wino wa zile nyingine hukimbia ukipaka gundi ya maji. Zenyewe zirudi kwenye bahasha.

Kitabu usichane hata ukurasa. Maandiko yenye jina la Mungu, kwa Wayahudi, hayatupwi. Yakichakaa huwekwa kando, baadaye huzikwa makaburini. Ulizia sinagogi la karibu.

Kwa maandishi, ningetumia herufi mbili tu za Kiebrania, פ״נ, zinazofungua mawe mengi ya makaburi yao: "hapa amezikwa". Ila ukihamisha wino kwa kulaza kopi kifudifudi, herufi hutokea kinyume. Igeuze kwenye kompyuta kabla ya kuichapa. (Mimi nilishaharibu ubao mzima.) Kwa bibi ongeza kinara cha mishumaa, huchongwa sana kwenye makaburi ya wanawake, kwa kuwa ndio huwasha mishumaa ya Sabato.

Kitambaa kikunje nyuma ya picha, doa la chai likae mbele. Maua achana nayo. Wao kaburini huweka kokoto, kwa hiyo pigilia kirafu chembamba chini ya ubao, kila mgeni aache yake.