Nilikuwa ngazini

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Je, mtu mwenye ulemavu wa viungo anaweza kumudu kazi yenye shinikizo kubwa sawa na wenzake?" Nililisoma swali hilo ndani ya basi la mwendokasi. Nilipanda Kimara, na hadi nashuka Kivukoni lilikuwa bado linanikereketa.

Mimi ni wakili wa kujitegemea, mwaka wa 16 huu. Polio ilinipata nikiwa na miaka 2, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Natembea kwa magongo, na mguu wa kushoto umefungwa vyuma kuanzia pajani hadi kwenye kiatu. Vyuma vya kwanza nilitengenezewa hospitali ya KCMC, Moshi, na nakumbuka nilivyolia siku vilipoanza kunibana kwa sababu nimekua.

Nilitaka kuwajibu kwa neno moja tu: anaweza. Ndivyo mama alivyonilea. Wenzako wakiamka saa 12, wewe amka saa 10. Sikuomba upendeleo sekondari, sikuomba Chuo Kikuu pale Mlimani, wala Shule ya Sheria. Nipeni kazi ileile, nipimeni kwa kipimo kilekile. Hayo niliyasema hata kwenye semina, watu wakanipigia makofi.

Lakini kila nikiandika hilo neno moja, nakumbuka shauri la bibi.

Alikuwa mjane, mleta maombi kwenye baraza moja la ardhi na nyumba la wilaya, huko mkoani. Mgogoro wenyewe ulikuwa ekari 4 alizoachiwa na marehemu mumewe, na shemeji zake walikuwa wamekwisha kuziuza. Nauli yake ya kuja na kurudi ilikuwa inakula hela ya chakula ya wiki nzima. Siku hiyo shauri lilikuwa la kutajwa tu, kwa hiyo nikampigia simu jioni: bibi, usije, nitakuwepo mimi. Akanishukuru sana.

Baraza lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la kupanga, lisilo na lifti. Ngazi 34, nilizihesabu siku ya kwanza. Nilifika saa 2 kasorobo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na watu walikuwa wamepandisha tope kwa viatu. Anayetumia magongo anajua maana ya kigae chenye maji: ile mipira ya chini ikishalika, gongo linateleza kama samaki. Nikapanda taratibu, bega likiwa ukutani, begi la mafaili mgongoni na joho mkononi, kwa sababu mchana nilikuwa na kesi nyingine Mahakama Kuu. Nilipofika kwenye kona, vijana wanne walikuwa wanashusha kabati la chuma. Hawakuwa na ubaya wowote. Waliniambia, "Samahani mama, subiri hapohapo." Kabati likakwama. Wakaligeuza, likakwama tena. Nikasimama pale, magongo kwapani, mguu unatetemeka, nikimsikia karani huko juu akiita mashauri. Likaitwa la kwanza. Likaitwa la pili. Halafu nikasikia jina la bibi.

Nikaitika, "Nipo!" Nikapaza sauti tena, "Nipo, niko ngazini!" Kabati likigonga ukuta, nani atakusikia? Jina likaitwa mara tatu. Nilipofika mlangoni, saa 3 na dakika 20, shauri lilikuwa limeshaondolewa kwa kutohudhuria, na karani alikuwa ameshafunga faili.

Ukitaka shauri lirudi, unaomba ndani ya siku 30, kwa hati ya kiapo yenye sababu za msingi. Usiku ule nikaketi kuandika kiapo cha miguu yangu mwenyewe. "Mimi, niliyetajwa hapo juu, naapa na kueleza kwamba natembea kwa magongo." Nimewaandikia watu viapo vingi mno, vya ndoa, vya vifo, vya kupotelewa na hati. Hicho kilinichukua hadi alfajiri. Wakili wa upande wa pili akaleta kiapo kinzani, akasema wakili msomi anaijua hali yake, kwa hiyo alipaswa kuwahi zaidi. Nilikasirika, lakini kilichoniuma hasa ni kwamba maneno yale nilikuwa nayajua. Yalikuwa ya mama yangu. Yalikuwa yangu.

Bibi nilimweleza kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kwa nini ulinizuia nisije? Mimi ningetangulia juu, nikakusemea kwamba unakuja."

Mwenyekiti alilirudisha shauri. Akaamuru pia kwamba mashauri yangu yote yasikilizwe chini, kwenye chumba cha masijala. Hamjui nilivyoona aibu siku ile: mwenyekiti, wazee wa baraza, wakili mwenzangu, wote wakishuka kwa ajili yangu mimi niliyejiapiza kutoomba upendeleo. Yule wakili wa kiapo kinzani ndiye aliyenivutia kiti. Shauri likaenda miezi 14, na ekari 4 zikarudi kwa bibi. Kwa mtu anayepimwa kwa kipimo kilekile, zisingerudi.

Watu wanapenda kuitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Naitetea sheria hiyo. Ila kuajiriwa ni mlango wa chini, na faili linaitwa ghorofa ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema kwenye semina. Mguu wa kulia, ule mzima, umeanza kuchoka. Daktari ameniambia hutokea kwa wengi tuliougua polio utotoni: misuli iliyobeba kazi ya miguu miwili miaka yote huanza kudhoofika ukubwani. Kila saa 10 niliyoamka, kila ngazi niliyokataa kusaidiwa, mguu huu ndio ulioilipa.

Kwa hiyo jibu langu limenigeukia mkononi. Kazi anaimudu. Hilo "sawa na wenzake" ndilo ninalolifuta, pamoja na kwamba ndilo lililonifikisha hapa, na sina hakika kama ningefika bila hilo. Nasema haya kwa sisi wa magongo tunaohangaika na mabaraza. Muuguzi wa zamu za usiku au mwalimu mwenye darasa la watoto 90 atakuwa na lake.

Mwezi uliopita binti mmoja aliyemaliza Shule ya Sheria, anayetumia kiti mwendo, aliniuliza aende mahakamani au atafute kazi ya mezani. Nikamwambia njoo kwangu, tutakwenda wote mahakamani. Anaanza Jumatatu. Ofisi yetu iko chini na mlango ni mpana, na kuna kijana wa kututangulia ngazini. Habari za mguu wa kulia bado sijamwambia.