Picha za marehemu baba zimeganda kwenye albamu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwaka 1984 baba alitupeleka Kigoma kwa treni, akapiga picha njia nzima. Sasa ametangulia mbele ya haki, na picha zimeganda kwenye kurasa za albamu. Nikivuta, rangi inabanduka. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza, usivute tena hata moja! Albamu za enzi zile zilikuwa na kurasa za gundi, na gundi ikizeeka hung'ang'ania karatasi. Weka albamu karibu na dirisha, penye mwanga lakini pasipo jua kali. Zima flashi, shika simu sambamba na ukurasa, kisha piga picha moja moja zikiwa hapo hapo zilipo. Ukishazihifadhi, ndipo umtafute fundi wa studio mzoefu.

Nami ninayo picha ya reli hiyohiyo. Mama yuko dirishani stesheni ya Tabora, kainama, anapokea chupa ya asali kutoka kwa mchuuzi. Kitenge kimemteleza begani. Kona ya juu imezibwa na kidole cha baba. Kidole hicho nakipenda kuliko picha yote, maana ndiyo alama pekee kwamba naye alikuwepo.

Mama yako yupo? Kaa naye jioni, mfungulie kurasa, muulize nani ni nani na wapi ni wapi. Andika majibu kwenye daftari, usiandike juu ya picha. Umsalimie.