Fungua mlango wa oveni kwanza

Juzi nilimkuta kijana wetu wa mafunzo kazini akiandika methodi (maelekezo ya joto na mtiririko wa gesi) ya kufika nyuzi joto 300 kwenye GC, yaani kromatografu ya gesi, mashine ya kutenganisha kemikali za sampuli, ambayo hajawahi hata kuifungua mlango wa oveni. Nilimshika mkono kabla hajabonyeza, maana kosa hilo nalijua vizuri mno.

1. Wadogo zangu, someni kwa macho yenu lebo ya kolamu, ule mrija mwembamba ndani ya oveni unaotenganisha kemikali; lebo ndiyo yenye kikomo chake cha joto. Nilipohamia maabara nyingine hapa Dar es Salaam, nilikabidhiwa mashine ngeni nipime eujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, nami nikaja na methodi yangu kwenye flashi, inayopanda kutoka nyuzi 60 hadi 300. Kompyuta ilionyesha kolamu niliyoizoea, mita 30 kwa milimita 0.25, nikaamini. Kumbe aliyenitangulia alikuwa amefunga iliyopakwa ndani poliethilini glikoli, ambayo kikomo chake huwa karibu na nyuzi 250, asirekebishe chochote kwenye programu. Beslaini, mstari wa chini wa grafu, ilipanda kama moshi wa mkaa mbichi. Nikasafisha jeti ya FID (kigunduzi cha mwali), nikabadilisha septamu na laina (kizibo na bomba la kioo pale sampuli inapoingilia), nikaisingizia heliamu, gesi inayobeba sampuli, na baada ya kila hatua nikairudisha ile kolamu nyuzi 300, naipika upya huku nikijiona mtafiti. Jioni mama msimamizi alifungua oveni, akaigeuza kwa kidole lebo iliyoning'inia pale, akaniuliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa ngapi?" Kolamu nyingine iliagizwa nje, na majuma yote ya kuisubiri nilikuwa mwoshaji wa vyombo vya kioo.

2. Tafuta mvujo wa gesi kabla ya kupasha joto, kwa kuwa oksijeni huila kolamu ya moto.

3. Pitisha blanki (kiyeyushi kitupu), kisha standadi (mchanganyiko wa kiasi kinachojulikana), sampuli mwisho.

4. Usianzishe oveni kwa nyuzi 35 eti umeziona kwenye makala ya watu wa nchi za baridi. Kiyoyozi kikizimika mwezi wa Februari, chumba chetu chenyewe kinakaribia hapo, na utakaa ukiitazama oveni isiyopoa mpaka saa ya chakula ipite. Anzia 50, uone vilele vya mwanzo kwenye grafu vinasemaje.

5. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kijana wa juzi alikwisha kugusa mtiririko, uwiano wa spliti (mgawanyo wa sampuli inayoingia kwenye kolamu na inayotupwa) na mwendo wa joto kabla ya saa nne asubuhi. Tulipofungua oveni, lebo ilisoma 325. Akanitazama kama mshindi. Nikampa daftari la mashine aiandike namba hiyo pamoja na tarehe.